Turubai la Mahindi

Juzi niliona familia imepiga hema kando ya ziwa, Kamere, nikamkumbuka mwanamke mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri wa Nakuru.

Asubuhi moja, nikiwa mtoto, Baba alitupakia kwenye pikapu, tukatoka Olenguruone bila mpango, tukapanda bembea kubwa za Nakuru hadi alasiri. Giza lilipoingia, kwa kuwa hatukuwa na pa kulala, akafunga turubai letu la kuanikia mahindi kando ya ua wa huyo mwanamke, tulale hapo. Lilinuka dawa ya wadudu.

"Mzee, toa hiyo takataka. Inanuka."

"Ni watoto tu walale, mama."

"Walale kwenu."

Nilidhani anatuonea wivu, kwani kwetu harufu hiyo ilimaanisha ghala limejaa. Leo najua alivyotuona, na bado namchukia.

Mlinzi wa kanisa moja alitufungulia geti. "Funga turubai hapa, boss."

Baba alikataa kulitoa tena. Tulilala tumekaa ndani ya pikapu.