Gunia la Uwele la Mjomba

Juzi mjukuu wangu alinipitisha kwa fundi wa pikipiki pale Chang'ombe. Fundi akaubonyeza usukani, akauachia, kisha akamwambia, "Hebu kaa juu nione springi zinashuka kiasi gani." Kijana akakaa huku anacheka. Mimi, mzee mzima, nikashikwa na baridi kwenye jua la saa sita, nikatamani kumvuta ashuke. Usinicheke, ndugu yangu. Sikiliza kwanza.

Enzi za Mjerumani tuliishi Gulwe, karibu na reli. Baba alikuwa mhunzi, na asubuhi niliamshwa na mivukuto yake na harufu ya makaa. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa tarishi wa Mjerumani wa stesheni. Yule bwana alipougua miguu, alimfundisha mjomba kuendesha pikipiki yake, akawa anamtuma Mpwapwa. Mjomba alijisikia kweli! Akipita, mbuzi walitawanyika, nasi watoto tulikula vumbi lake kwa furaha.

Siku moja springi za mbele zikalegea, baba akatakiwa kuzirekebisha. Zikilegea mno, gurudumu linagonga na mtu anarushwa. Zikikazwa mno, mikono inakufa ganzi. Kwa hiyo alimtaka mwendeshaji akae juu, na mzigo wake wote, apimwe.

Mjomba akakataa katakata. Kwetu mtu aliye hai hapimwi. Anayepimwa ni maiti, ili kaburi limtoshe.

"Shemeji, unataka kunizika?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Bibi, mama yake, akamuunga mkono. Akatoa gunia la uwele ghalani. "Hili zito kama yeye. Pima hili."

Baba akalifunga kitini, akakaza nati, akabonyeza, akakaza tena mpaka akaridhika. Bibi akalipigapiga gunia, "Tulia, mwanangu," tukacheka wote.

Kesho yake, stesheni, Mjerumani alifunga sanduku la vyuma mbele ya usukani. Baba hakuwa ameupima mzigo huo. Kwenye korongo la njia ya Mpwapwa springi zikazama zote, mjomba akarushwa juu ya mawe. Watu wa huko walimzika hukohuko kabla hatujapata habari.

Hakuna aliyemlaumu baba, lakini aliacha kuimba akifua chuma. Gunia Bibi aliliingiza nyumbani, akaliegemeza ukutani pale alipokuwa akilala mjomba. Hakuna aliyethubutu kulifungua. Nikipita peke yangu nilisikia punje zikishuka ndani yake, kama mtu anayejigeuza usingizini, nami nilikimbia. Nilimwogopa mjomba, na nilimtamani arudi.

Mwaka ule mvua ilitunyima. Ghala likabaki tupu, tukawa tunakunywa mlenda mtupu. Mdogo wangu aliacha hata kulia, kwa kukosa nguvu. Mama alilitazama gunia, kisha akamtazama Bibi.

Asubuhi moja nikasikia mchi. Bibi alikuwa anatwanga huku machozi yanadondokea kinuni. Akasonga ugali, akautenga mbele yetu. Baba akageuza uso.

"Kuleni," Bibi alisema. "Mwanangu hakuwa mchoyo."

Gulwe ile haipo tena. Kiwanda cha baba kimeota miiba, na kati ya wanaomkumbuka mjomba nimebaki peke yangu. Kaburi lake sijaliona hadi leo. Ninachokumbuka ni chakula kile, na mkono mdogo wa mdogo wangu ukinyooshwa kuomba tonge jingine.