Kadi Nyeupe ya Chumba Namba Nne

Karani wa kliniki yetu ya ngozi alikuwa mtu mwenye haya, na mimi nilimtania kwa hilo miaka mingi kabla sijajuta. Meza yake ilikuwa mwanzoni mwa korido, nyuma yake makabati mawili ya faili, na hakuna mgonjwa aliyeingia kwa daktari bila kupita kwake. Nadhani hakuna daktari pale aliyeona ngozi nyingi kuliko yeye. Mtu akipandisha suruali kidogo tu kujikuna, Karani alikuwa keshajua: huyu ana choa, yule ana pumu ya ngozi, wale watatu wana upele wa kulala kitanda kimoja. Lakini hakusema kitu. Aliandika ameinamisha kichwa, utadhani yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mimi ni muuguzi wa chumba namba nne, kile cha mwisho kabisa, mkabala na choo. Chumba changu ni cha ukoma. Nalitaja jina lenyewe kwa sababu nimelitaja miaka kumi na tisa na bado ulimi ninao. Wenzangu wengi hulizungukazunguka, wanasema “ule ugonjwa”, na Karani alikuwa wa kwanza wao.

Alikuwa na sababu yake. Karani aliyemtangulia alikuwa na sauti ya mnadani. Alisimama na kupaza: wa fangasi namba mbili, wa ukoma namba nne. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliposikia hivyo aliinuka taratibu, akatoka kama aliyesahau kitu nje, na hatukumwona tena kwa miaka mitatu. Aliporudi, vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimejikunja na havikunyooka tena. Karani wetu, mgeni kazini, ndiye aliyempokea. Alimwandikia jina, kisha akamwekea kalamu mbele atie sahihi, na mama yule akaitazama tu ile kalamu. Karani alikwenda nyumbani siku ile bila kula chochote.

Wiki iliyofuata akaja na kadi za rangi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikata mwenyewe kwa mkasi: kijani kwa fangasi wote, choa na mapunye na mba; njano kwa pumu ya ngozi na mzio; bluu kwa barasi, yale mabaka meupe yasiyoambukiza; pinki kwa chunusi na madoa. Rangi zikamwishia, akabaki na karatasi ngumu nyeupe, akawapa watu wa chumba changu. Akadhani kwamba kwa kuwa nyeupe haina rangi, basi haitasema kitu. Tangu siku hiyo hakuna ugonjwa uliotajwa tena kwenye korido yetu. Unapewa kadi, unafuata rangi iliyopakwa mlangoni, basi.

Ilikuwa kazi ya moyo mzuri, na nilimsifu. Lakini watu wanaosubiri kwa muda wa saa nne kwenye benchi hawana shughuli nyingine ila kusoma wenzao. Mwaka haukuisha, kila mtu akawa anajua kadi nyeupe ni nini. Ukipewa, jirani yako wa kushoto anasogea, wa kulia anakumbuka kwenda kunywa maji. Watoto wa mtaani wakaanza kutukanana nayo. Karani akajaribu kubadilisha, akawapa watu wangu pinki na wa chunusi nyeupe. Wasichana wa chunusi wakalia siku nzima, na ndani ya wiki mbili korido ikawa imejifunza upya. Akarudisha nyeupe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila walikuwa wakiwasema wenye nia mbaya. Huyu alichimba kwa huruma.

Baka lake lilianza kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa nje. Haya ninayoyasimulia alinieleza mwenyewe baadaye, kipande kipande, kwa hiyo nayajua. Lilikuwa limefifia kuliko ngozi yake, kubwa kama kifuniko cha chupa. Akaliita choa. Yeye, aliyeona choa elfu kadhaa. Choa huwasha, na hili halikuwasha. Choa huwa na ukingo wa vipele na katikati kunapona, lakini hili lilikuwa sawa lote, limekauka, vinyweleo vimekatika. Akachukua kadi ya kijani, akaandika jina lake, akaipeleka dirisha la dawa, na mama wa dawa akampa malhamu ya fangasi bila kuuliza, maana nani atamuuliza Karani?

Kipimo chenyewe alikuwa akikijua. Mimi nampima mgonjwa kwa pamba: namwambia afumbe macho, namgusa hapa na pale kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole nilipogusa. Pale asipoonyesha, ndipo penye ganzi. Karani alijifungia bafuni na pamba yake na akafumba macho. Lakini mtu hawezi kujipima mwenyewe, kwa sababu mkono unaogusa unajua unagusa wapi. Akatoka bafuni na shaka yake, na shaka ikamfaa. Kwa miezi minane aliishi ndani yake.

Baadaye nilipomuuliza kwa nini alijificha, nilikuwa na hasira za kumpiga. Nilimwambia angekuja kwangu saa ya chakula, mlango ningefunga, nani angejua? Akanijibu kwa upole kwamba ningefunga mlango siku moja tu. Ugonjwa hakuuogopa, maboksi ya vidonge aliyapanga yeye, na alijua watu hupona. Lakini mgonjwa wa namba nne huja kila mwezi kumeza dozi mbele ya muuguzi. Tena huleta watu wote anaolala nao nyumba moja wakaguliwe ngozi, na barua za kuwaita aliziandika yeye kwa mkono wake. Nyumbani kwake kulikuwa na mkewe, mama yake mzazi, kijana wake mkubwa na kitindamimba wa kike wa miaka kumi na mmoja, ambaye sote tulimwita Kitinda. Watu watano, kadi tano nyeupe, hatua thelathini za korido mbele ya benchi lililojaa. Alizihesabu hizo hatua. Alisema hakuona pa kutokea: mbele ni korido, nyuma ni mkono wake.

Na mkono ulikuwa ukimwacha. Kidole kidogo cha kushoto kilianza kulegea, kisha cha pili yake. Nilimwona akiangusha kadi, nikamwambia, “Karani, vidole vimekuwa vya siagi, umeanza kuzeeka.” Alicheka nami. Nilimwona pia akivaa mikono mirefu katika miezi ya joto kali, na sikuuliza. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini vinyozi wengine tulikuwa pale tumekaa.

Kisha jioni moja nyumbani, Karani anafungua viatu, Kitinda akamwendea, akapandisha gauni hadi juu ya goti. “Baba, na mimi ninalo kama lako.”

Alinieleza kwamba hakulitazama vizuri. Alitazama ukuta. Kama la mtoto lingekuwa ukoma, lake pia lingekuwa ukoma, na kama lake lilikuwa choa, basi la mtoto lazima liwe choa. Akamwambia ni choa. Akampa malhamu yake mwenyewe, wakawa wanapakana kila asubuhi, baba na binti, mmoja anashika kopo na mwingine kifuniko. Mkewe alimwambia mara moja, “Baba watoto, wewe ndiye mtu wa ngozi humu ndani. Mwangalie mwanao vizuri.” Akasema amemwangalia. Uongo huo, aliniambia, ndio pekee anaoukumbuka usiku na mchana.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, mkewe alikuwa akipiga pasi sare ya shule, na Kitinda amekaa sakafuni pembeni anasoma kitabu. Pasi ikawekwa chini mara moja tu mama akunje shati. Mama ndiye aliyesikia harufu. Goti la mtoto lilikuwa limeegemea pasi ya moto, na mtoto anafunua ukurasa. Walipomvuta, lengelenge lilikuwa limeshainuka. Kitinda akacheka, akasema hata haikuuma. Bibi yake akamshukuru Mungu kwamba haikuuma. Karani akatoka uani, akashika ukuta.

Aliporudi alikuwa na pamba. Akamkalisha Kitinda kwenye kiti, akamwambia afumbe macho na aonyeshe kila anapoguswa. Akamgusa kwenye shavu, akaonyesha. Mkononi, akaonyesha haraka, anafurahia mchezo. Kisha akamgusa juu ya goti, pembeni ya lengelenge. Akagusa tena. Akagusa mara ya tatu, na mtoto amekaa kimya, macho yamefumbwa, kidole kimeinuliwa tayari.

“Baba,” akasema, “mbona huanzi?”

Jumatatu alikuja kazini na Kitinda amemshika mkono. Wengine wa nyumbani walikuwa waje saa nne. Korido ilikuwa imejaa tayari, maana Jumatatu ndiyo siku yetu mbaya. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikamwona amekaa mezani, amechukua kadi mbili nyeupe, akaandika moja, akaandika ya pili. Nilidhani ni za wagonjwa. Akampa mtoto moja.

Kitinda aliigeuzageuza. Alikuwa amezoea kukata kadi pamoja na baba yake wakati wa likizo na hizo rangi alizijua, ila nyeupe hakuwahi kuelezwa. Akauliza kwa sauti ya kawaida ya mtoto, “Hii nyeupe ni ya nini?”

Karani angeweza kusema ni ya chumba cha mwisho. Ndivyo alivyowajibu watu miaka yote. Nilimwona akitazama benchi, kisha mtoto.

“Ni ya ukoma, mwanangu,” akasema. “Mimi ninao na wewe unao. Tutameza dawa, tutapona.”

Hakupaza sauti, lakini sidhani kuna neno lililowahi kusikika pale kama lile. Wakaja, hatua zote thelathini, naye anatembea polepole kwa ajili ya lengelenge la mtoto. Nikafunga mlango. Nilimpima kwanza yeye. Mshipa wa fahamu kwenye kiwiko cha kushoto ulikuwa umevimba, mnene kama kamba ya viatu, na nilipoubonyeza alikunja uso. Nikampima Kitinda: baka moja, mishipa salama, kila kidole kina nguvu. Nikamwambia Karani ukweli, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Ugonjwa huu hulala mwilini miaka kabla haujatokeza, kwa hiyo hakuna ajuaye nani alimpa nani, na kama ni yeye aliyempa mtoto, basi alimpa kabla hajaliona baka lake. Mtoto atapona, na kwake kutabaki kovu la pasi tu. Yeye pia atapona, lakini vidole vile viwili huenda visirudi, kwa sababu miezi minane ni mingi. Mficha maradhi, nikaanza, nikaacha. Alijua ninataka kusema nini. Wote wawili wakameza dozi ya kwanza mbele yangu kwa kikombe kimoja cha maji.

Kisha akarudi mezani kwake. Hatukuwa na karani mwingine, na watu wale walikuwa wamesubiri. Kitinda akakaa kwenye benchi kuwangoja mama na bibi na kaka. Benchi lilikuwa la watu wanane, na alilikaa peke yake, wengine wamesimama ukutani.

Karani akamwita wa kwanza, mzee wa pumu ya ngozi aliyekuwa akija kwetu kwa miaka sita, ambaye kila mwezi humuuliza Karani habari za mama yake. Akamnyooshea kadi ya njano. Mzee hakuinua mkono. Hakuwa na ubaya usoni, na nadhani ndiyo maana iliuma zaidi.

“Iweke tu hapo mezani, Karani,” akasema.

Karani akaiweka mezani, akaondoa mkono wake, na mzee akaichukua kwa ncha za vidole. Mimi nikatoka mlangoni kwangu nikawasomea wote pale: kwamba huyu kameza dawa na hawezi kumwambukiza mtu, kwamba mkono mnaoukataa leo mliushika miezi minane, kwamba sokoni mnapeana mikono na watu msiowajua. Wakanisikiliza kwa heshima, kama wanavyonisikiliza siku zote. Karani akaniashiria nirudi ndani, kwamba nina wagonjwa wanangoja.

Akamwita wa pili, mama wa fangasi, na hakumnyooshea tena. Aliweka kadi mezani mwenyewe bila kuambiwa, akavuta mkono chini ya meza. Hadi mkewe anafika saa nne alikuwa ameweka kadi ishirini na saba, na Kitinda, kutoka pale benchini, alikuwa ameziona zote.