Kinyongo Ambacho Babu Hakuwa Nacho

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu kubwa nyumbani kwetu Makwale haikuwa kuchota maji wala kufagia uwanja. Ilikuwa kutangulia. Mama alipotaka kwenda mtoni, shambani au kanisani, nilitembea hatua kama ishirini mbele yake na kuita kwa sauti, "Tunapita!" ili babu, kama alikuwa njiani, asikie na kutuachia njia. Babu alikuwa baba yake baba yangu, kwa hiyo alikuwa mkwe wa mama, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake. Hali naye, haketi naye, hatamki jina lake. Tunaiita ukutila. Mama alikuwa ameishi kwenye uwanja ule zaidi ya miaka kumi, na sidhani kama aliijua vizuri sura ya babu. Alimjua kwa kikohozi chake na kwa nyimbo za kanisa alizoimba akianika kakao.

Siku hizi wengi hawaishiki tena mila hiyo. Mimi sisemi ilikuwa mbaya. Babu aliilinda kwa upande wake kama mama alivyoilinda kwa upande wake. Akisikia sauti yangu aliingia migombani, akatupa mgongo, akasimama hivyo mpaka tupite. Nikishapita mimi alikohoa kidogo, na hiyo ilikuwa salamu yake kwa mke wa mwanawe.

Asubuhi moja tulikuwa tunarudi kutoka mtoni. Mama alikuwa nyuma yangu na ndoo kichwani. Njia ilipita katikati ya kakao za babu, na chini ya mti mmoja nikaona tunda lililoiva limepasuka. Tulikuwa tumekatazwa kabisa kugusa kakao, kwa sababu watoto tukishanyonya ule utamu mweupe tunatema mbegu ovyo. Nikaokota, nikajaza mdomo. Nilikuwa bado nanyonya, mashavu yamevimba, njia ilipopinda na babu akawa amesimama mbele yetu na panga lake mkononi.

Sikuita. Mdomo ulikuwa umejaa.

Babu aliniona mimi kwanza, kisha akamwona mama. Mama naye akamwona. Ndoo ilianguka, maji yakanimwagikia miguuni, na mama akaketi chini palepale akijifunika uso kwa khanga. Babu akageuka, akaondoka kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwa mzee kama yeye. Mimi nikatema mbegu kwenye majani na kuzifukia kwa kidole cha mguu.

Wiki ileile mama alianza kuumwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kinena, upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo. Alikuwa amekwenda kupandikiza mpunga siku mbili mfululizo, ameinama tangu asubuhi, na aliporudi hakuweza kutembea sawasawa. Bibi, mke wa babu, alimpeleka chumbani na kumtazama. Mimi nilikuwa mlangoni. Uvimbe ulikuwa kama yai la kuku, laini, na bibi alipoubonyeza ulihama kidogo chini ya vidole vyake.

"Hili ni busha," bibi alisema.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa bado hajaolewa na alikuwa na ulimi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Busha la mwanamke? Basi wifi, kesho ukakae na wazee kwenye vigoda, mkate mashauri."

Mama hakucheka. Bibi hakucheka pia. Huku kwetu bondeni, kwenye joto la ziwa, busha ni ugonjwa unaojulikana, lakini ni wa wanaume. Bibi aliwaza kwa njia ambayo, nikiikumbuka leo, bado naona ilikuwa na mpangilio wake. Ugonjwa wa kiume hauwezi kuota wenyewe kwa mwanamke. Lazima umetoka kwa mwanamume. Na mwanamume anayeweza kumpa mwanamke ugonjwa bila kumgusa ni mmoja tu, baba mkwe wake, akiwa na kinyongo naye. Na si walikuwa wamekutana uso kwa uso juzi tu?

Nisiwasingizie wazazi wangu kwamba hawakutafuta hospitali. Baba, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini Itungi, alirudi na kumpeleka mama. Mganga wa zahanati alidhani ni ngiri, akamwandikia barua aende mbele. Huko mbele daktari alisema ni mtoki, akampa sindano za siku saba. Sindano zikaisha, uvimbe ukabaki. Baba akakaa kitandani akiwa ameshika ile karatasi ya hospitali.

Ndipo bibi akaita kikao. Kilikuwa mchana, uwanjani. Walikuwepo bibi, baba, shangazi na wazee wawili wa jirani. Babu aliketi kwenye kigoda. Mama aliketi ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi, amejifunika kichwa, ili asikie bila kuonekana. Bibi alianza na mimi.

"Tusekile, siku ile uliita au hukuita?"

Nilijua kwamba nikisema sikuita, swali linalofuata litakuwa kwa nini. Nikafikiria kakao.

"Niliita," nikasema.

Bibi akamgeukia mumewe. "Mzee, umesikia. Mtoto aliita. Na wewe masikio yako ni mazima."

Babu alinitazama. Mtazamo ule sijausahau. Haukuwa wa hasira. Alikuwa ameona mashavu yangu siku ile, na alijua kakao zake zote, hata zilizoanguka. Alinitazama muda, kisha akatazama mikono yake.

"Kama mtoto anasema aliita, basi aliita."

"Na wewe ukabaki njiani."

"Nikabaki."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama," alisema. Alimwita bibi hivyo siku zote.

Wazee walimwambia atoe yaliyomo moyoni. Alisema hana kitu. Wakamwambia mtu hawezi kusikia anaitiwa njia na akabaki njiani kama hana kitu. Mwishowe alichukua maji mdomoni, akayapuliza chini, akasema kama kuna kinyongo ambacho yeye mwenyewe hakijui, basi kimetoka. Bibi akaamuru mama alale ndani siku tatu bila kushika jembe wala ndoo. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umepungua, karibu hauonekani. Bibi alishukuru. "Ndaga, ndaga," alisema akizunguka uwanja, na shangazi akaambiwa aache mzaha.

Nami niliamini. Niliamini kwamba uongo wangu umeponya, na nikamshukuru Mungu kwa hilo katika sala zangu.

Mama aliporudi shambani, uvimbe ukarudi.

Sasa ikawa hivi: kila ulipovimba, babu aliitwa. Kila alipoitwa aliulizwa ni nini alichobakiza. Mama alilazwa ndani, uvimbe ukapungua, watu wakasema mnaona, mzee ameachia kidogo. Mama akishika jembe, unarudi, wakasema mnaona, bado ameficha. Hakuna aliyewaza kwamba ni kule kulala kulikokuwa kunaushusha. Sikumbuki vikao vyote. Nakumbuka cha mwisho, kwa sababu babu alikiri.

Alisema ni kweli, alikuwa na kinyongo. Alisema siku moja, miaka ya nyuma, aliletewa wali umepoa, akajua mkwewe amemdharau, akaliweka moyoni. Alisema kwa sauti ndogo huku akivuta uzi kwenye pindo la shati lake. Wazee wakapumua. Mmoja akamwambia, "Si ungesema mapema, ndugu yetu? Wali tu?" Babu akasema, "Ndiyo, wali tu." Akapuliza maji.

Babu alikuwa mzee wa kanisa. Baada ya siku ile hakukaribia tena Meza ya Bwana. Alikuja ibadani, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, na wengine walipokwenda mbele yeye alibaki ameinama. Mchungaji alimfuata nyumbani. Babu alimwambia ana shauri na mtu wa nyumbani mwake ambalo halijaisha, na mwenye shauri hawezi kula. Alijenga kibanda pembeni kabisa mwa kakao, akahamia huko, ili asikutane na mama kamwe. Nilimpelekea chakula. Hakuniuliza chochote. Aliniambia, "Weka hapo, mjukuu wangu, ugonile vizuri," ingawa ilikuwa jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi. Alinitania hivyo tangu nikiwa mdogo sana, na hakuacha.

Mara nyingi nilisimama mlangoni pake nikitaka kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nikaweka sahani, nikaondoka. Alikufa kabla sijamaliza darasa la saba. Mazikoni nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba mzee ameondoka na kinyongo chake, na yule binti wa watu hatapona tena.

Mama hakupona. Aliishi na uvimbe ule miaka mingi. Alijifunga khanga mbili, akajifunza kuinama kwa upande. Baba alifariki, bibi akafariki, mimi nikaolewa na kuhamia Mbugani, nikawa nashona nguo. Miaka michache iliyopita mama alipata kikohozi kirefu, na uvimbe ukawa mgumu, ukauma hata akilala. Nikamchukua, nikampeleka Mbeya.

Daktari aliyempokea alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alimpa shikamoo, akavuta pazia, akamwambia akohoe huku ameweka vidole pale. Akampima kwa kile kipimo cha picha. Akamwuliza uvimbe ulianza lini.

Mama alinitazama kabla ya kujibu. "Tangu nikiwa msichana," akasema. "Kabla sijaolewa. Ulikuwa mdogo kama punje ya kakao. Ulikuwa ukija na kwenda."

Nilikuwa nimeshika mkoba wake. Niliendelea kuushika.

Daktari alitueleza polepole. Mtoto akiwa tumboni, alisema, kuna kijia chembamba kinachotoka ndani ya tumbo mpaka kwenye kinena. Kwa kawaida kinajifunga chenyewe, kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kisipojifunga, maji huingia na kujaa, na kwa wengine hata utumbo husogea humo. Kwa watoto wa kiume ndiko zinakotoka ngiri na mabusha mengi ya utotoni. Kwa wanawake ni nadra sana, ndiyo maana hata madaktari wengi wanadhani ni mtoki au ngiri, na wakati mwingine hawajui kwa hakika mpaka wapasue. Ukilala maji yanaweza kurudi ndani, ukisimama na kuinama yanashuka. "Mama, umezaliwa nao," alisema. "Hakuna aliyekupa."

Walimpasua siku ya tatu. Wakautoa ule mfuko, wakafunga kijia. Ilichukua muda mfupi kuliko ibada. Baada ya wiki mama alikuwa nyumbani kwangu Mbugani, anatembea wima uwanjani kwa khanga moja.

Siku moja tukichambua mchele nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikuita, kwamba nilikuwa na kakao mdomoni, kwamba nilidanganya mbele ya kikao. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, na nilisema nikitazama mchele.

Mama aliendelea kuchambua. "Nilikuwa nyuma yako, Tuse," akasema. "Ungeita si ningesikia?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema, naye alikuwa pale nyuma ya mianzi, anasikia kila kitu.

"Ningesema hukuita, wangekugeukia wewe. Ungeambiwa umemtia mama yako ugonjwa, na wewe mtoto. Na ningesema ninao tangu kwetu, wangesema nimeolewa nikiwa na ugonjwa wa kiume, wanirudishe kwa baba yangu, nyinyi mbaki." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Yeye alikuwa mtu mzima. Nilidhani ataweza."

"Na yeye alijua," nikasema.

"Alijua. Si ulimsikia alivyokujibia?"

Hatukulizungumza tena. Mama alifariki mwaka jana, kwa moyo, akiwa usingizini. Tulimzika Makwale, upande wa pili wa uwanja, mbali na babu, kama inavyopasa mtu na mkwe wake.

Nimeungama kwa mchungaji wangu. Ameniambia Mungu amenisamehe, nami ninaamini, kwa sababu nisipoamini hilo sina pa kusimama. Daktari aliniondolea jambo moja: sikumtia mama ugonjwa. Uongo hakuweza kuniondolea, maana huo sikuzaliwa nao. Na ninamfikiria babu kwenye benchi la nyuma, ameshiba aibu asiyoistahili, akiacha mkate na kikombe vipite kwa ajili ya wali ambao nadhani haukuwahi kupoa.

Aliyebaki ni shangazi. Ni mzee sasa, amepungua macho, na bado anawasimulia wajukuu jinsi baba yake alivyomfunga wifi yake kwa kinyongo. Mwezi baada ya msiba nilikwenda kwake. Niliketi miguuni pake, nikamweleza yote, kijia cha tumboni, maji, upasuaji. Kisha nikamwambia kwamba siku ile sikuita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatafuta mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Uliita, mwanangu," akasema kwa upole. "Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilikusikia."

Nikamwambia tena kwamba sikuita. Akasema msiba umenichosha, nikapumzike. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka, mkono wangu ukiwa mikononi mwake, nikitafuta namna nyingine ya kusema, na sikuipata.