Kuni za Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa amebakisha siku chache arudi kwao Taita, na hakuwa amesifu kitu hata kimoja. Si kwamba alilalamika. Angelalamika ningepata pa kuanzia. Alikaa tu kwenye kochi la flati yetu ya Kilburn, London, koti juu ya leso, akitazama mashine ikifua nguo, na kila nilipomuuliza kama yuko sawa alijibu, "Niko tu." Mwenye mama mkwe anajua uzito wa hiyo "niko tu."

Mimi ni mtoto wa Mombasa mjini. Tangu siku ya posa nilijua ana wasiwasi nami: nimekulia kwenye jiko la gesi, jembe silijui, kuni sijawahi kubeba, na juu ya hayo nikamchukua mwanawe mpaka Ulaya. Miaka yote hiyo nilikuwa namsubiri aje aone nilivyoshika nyumba. Sasa amekuja, ameona, na anaondoka bila neno. Iliniuma, sitaficha.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenzangu walikuwa hawana habari nyingine ila majani. Majira haya, kabla ya baridi kali, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, na Wazungu huvaa viatu vya matope wakaenda msituni kuyatazama. Hawachumi, hawalimi, hawawindi. Wanatazama, wanashusha pumzi, wanarudi nyumbani wakiwa watu wapya. Nikasema basi, hapa ndipo Mama atakaposifu.

Mume wangu alikuwa zamuni siku hiyo, tukawa wawili. Nilikuwa nimejinunulia viatu vya kupanda milima, vizito kama adhabu. Mama alivaa viatu vyake vya kanisani.

"Tunakwenda kutazama majani," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Si ya mtu, Mama. Ya msituni."

"Na tukishayatazama?"

"Tunarudi."

Akachukua leso ya pili akaitia mkobani. Nilidhani ni ya baridi. Tukapanda treni mpaka Stratford, tukabadilisha, tukaenda na nyingine mpaka nyumba zikaanza kupungua na miti kuanza.

Nisiseme uongo, nilipigwa na butwaa. Miti ilikuwa ya dhahabu kuanzia juu mpaka chini, jua likipita katikati, na majani mengine yakishuka polepole bila haraka yoyote. Nilisahau mpaka viatu. Kisha nikageuka kumtazama Mama, nikingoja hilo neno langu. Alikuwa ameinama, anatazama chini.

"Hizi kuni," akasema, "zimelala tu hapa?"

Kweli zilikuwa zimelala. Matawi makavu kila mahali, manene kwa membamba, na watu wanayaruka wakipita. Nikamweleza kwamba huku watu hawaokoti kuni.

"Kwa nini? Zina sumu?"

"Hapana. Sisi tunapika kwa stima, Mama. Hata pa kuwashia moto hatuna."

"Stima haipotei?"

"Huku haipotei."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa hayo tangu uhuru, na akavunja tawi la kwanza kwa goti.

Nilitamani ardhi inimeze. Familia zilipita na watoto wao na makoti yao ya rangi, zikitutazama kwa adabu. Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwanamke aliyekaa kwenye kochi majuma mazima akisaidiwa hata kusimama, sasa alikuwa anapanda kilima kwa viatu vya kanisani akiimba. Ile leso ikatandikwa chini, kuni zikapangwa juu yake, zikafungwa. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye mbwa akasimama, akauliza kama tunapiga kambi.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza tunafanya nini."

"Mwambie kuni zake zinaoza."

Nilimtafsiria, nikilainisha. Mzee akafikiri, akaingia vichakani, akarudi anaburuta tawi refu kuliko yeye, mbwa akimfuata. Mama akalipokea kwa mikono miwili. "Huyu amelelewa," akaniambia.

Nilidhani mzigo ataubeba yeye. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakiviringa kikawa kata, akanitazama.

"Inama, mke wa mwanangu."

Sikuwa na pa kukimbilia. Niliinama, nikatwikwa, na nikatembea mpaka stesheni shingo ikitetemeka, Mama akiwa nyuma yangu akiniambia nisitazame miguu. Kila nilipouangusha, alinitwika upya. Kwenye treni niliupakata mzigo, magome yakidondoka kwenye viatu vyangu vipya, na abiria wote wakazama kwenye simu zao. London ina uzuri wake. Hakuna atakayekuuliza.

Usiku huo nilikuwa jikoni naosha vyombo, shingo imekakamaa, nikijihesabu kuwa nimeshindwa. Mama alikuwa kwenye kochi akiongea na dada yake kwa simu, kwa ile sauti ya watu wanaoamini Taita ni mbali.

"Majani nimeyaona," alikuwa akisema. "Ni majani. Lakini wewe usiwe na wasiwasi tena na kijana wetu. Mkewe amebeba kuni kwa kichwa chake mpaka nyumbani. Nimemwona mwenyewe, nilikuwa nyuma yake."

Nilifunga maji ya bomba ili nisikie tena, lakini alikuwa amehamia habari za ng'ombe.

Mzigo uko kwenye roshani mpaka leo, umefungwa kwa leso yake. Mume wangu akiniuliza tutazitupa lini kuni hizi, namwambia stima inaweza kupotea.