Ubani Kisimani

Kipindupindu kilipoanza kutisha pwani, balozi wa nyumba kumi alipita mtaani kwetu Dunda kuandika majina ya watu wasio na kazi. Wanaume wengi walijificha. Walidhani wanakusanywa kama wazururaji wa Dar es Salaam, wapakiwe kwenye lori wakalime mihogo wasikokujua. Mimi sikujificha. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, na nimechoka kuulizwa na kila jirani nitaolewa tena lini. Kama lori lingenipeleka mbali, na linipeleke.

Kumbe hapakuwa na lori. Tulifundishwa kazi ya usafi: kuchimba mashimo ya taka, kuzibua mitaro, kumwaga chokaa vyooni na kusafisha visima vilivyoingiwa na maji machafu. Aliyetufundisha alikuwa bwana afya, kijana kutoka bara asiyejua kucheka. Kanuni yake ya kisima aliirudia mpaka tukawa tunamwigiza. Kwanza ishushwe kandili. Ikizimika, haingii mtu. Ikiendelea kuwaka, anaingia mmoja, kafungwa kamba kiunoni. Akiivuta, apandishwe papo hapo, maswali baadaye.

Huyo mmoja nilikuwa mimi. Visima vyetu vya zamani vina mdomo mwembamba, na kundini hapakuwa na aliyekonda kunizidi. Nilitania kwamba talaka imenikondesha kwa manufaa ya taifa. Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa naogopa. Kila niliposhuka na kuona mbingu imebaki kama sahani juu ya kichwa changu, nilipapasa fundo la kamba kiunoni.

Mama aliogopa zaidi yangu, ila si hewa wala kamba. Kisima cha mtaani kwetu kilisemwa kina wenyewe wasioonekana, na watu wazima walikipita wakinong'ona. Alhamisi tulipomaliza kukikausha maji ili kesho yake nishuke kuzoa tope, mama hakula.

"Nyumba ya watu huingii bila hodi," alisema. "Sembuse humo."

"Mama, mle mna tope tu."

"Haya. Wewe ndiye uliyesomea."

Ijumaa asubuhi Dunda nzima hunukia ubani. Kila nyumba inafukiza, kwa hiyo tulipoinama kwenye mdomo wa kisima hakuna aliyejiuliza harufu inatoka wapi. Kandili ikashushwa, ikaendelea kuwaka vizuri kabisa. Nikasema bismillahi, nikashuka.

Katikati ya safari harufu ilizidi, nami nikaijua. Ubani, udi kidogo na sandali: mchanganyiko wa mama, ulionilaza tangu utoto. Chini mguu wangu ukagusa kitu cha moto. Ilikuwa ndoo yetu ya bati, na ndani yake chetezo chake cha kufukizia, kilichojazwa makaa mpaka juu, majivu yameyafunika lakini bado mekundu. Mama alikuwa amekishusha alfajiri, akakiacha.

Nilikasirika. Kisha nikataka kucheka. Kisha nikagundua kwamba miguu hainisikii. Kichwa kiligonga, macho yakaona mbilimbili. Kandili ilikuwa ikiwaka kando yangu, ikiwaambia walio juu kwamba sina neno. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoiogopa taa ile. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Niliitafuta kamba kiunoni na vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Nilimwaza mama, ametulia nyumbani, anaamini ameniokoa. Mpaka leo sijui kama niliivuta ile kamba au nilianguka nayo.

Nilizindukia juu, natapika. Mama alikuwa amenipakata, kanga imemdondoka kichwani mbele ya wanaume, jambo nisilowahi kuliona. Bwana afya alikuwa ameshaambiwa na mama habari ya chetezo. Alisema moshi wa makaa huua mtu huku taa inawaka, na kwamba hakutufundisha hilo kwa sababu haikumjia akilini kwamba mtu atatia moto kisimani.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

"Nilikupigia hodi, mwanangu," alisema. "Nilikupigia hodi tu."

Juma lililofuata nilishuka tena. Kazi nyingine sikuwa nayo, na ugonjwa ulishafika kijiji cha jirani, Mlingotini. Mama alikuja kila siku akashika kamba pamoja na wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Jioni viganja vyake vilikuwa vimechubuka, nami nikimpaka mafuta ya nazi. Nyumbani hakufukiza tena, hata siku ya Idi.

Alipofariki, wanawake waliokuja kumwosha waliniuliza chetezo kiko wapi. Nikawaambia nyumba hii haina. Wakaenda kuazima kwa jirani. Moshi ulipoanza kupanda chumbani nilikuwa nimekaa miguuni pake, na mkono wangu ukaanza kupapasa kiunoni, ukitafuta kamba.