Kishungi na Supu ya Mama

Ukitaka kumjua fundi cherehani wa mtaa huu, usimuulize habari za nguo. Nguo kwake ni kazi tu: atakupima vizuri, atakushonea vizuri, na siku uliyoahidiwa utakuta bado hajatia vifungo. Muulize habari za kuku. Hapo atavua miwani, atasukuma kitambaa pembeni, na wewe jitafutie pa kukaa, maana hutoki leo.

Alikuwa na banda limejaa. Kisha kikapita kideri, ugonjwa ule usiojua kubisha hodi. Asubuhi kuku wanasinzia, jioni wamelala miguu juu. Akabaki na mmoja tu, koo mwenye manyoya yaliyosimama kichwani, aliyemwita Kishungi. Na Kishungi hakuwa kuku wa kuchezea. Akiatamia ameatamia. Mvua inyeshe, bati lipeperuke, yeye yuko pale pale macho yamemtoka, na ukimsogezea mkono anakudonoa mpaka utukane. Huyo ndiye mbegu iliyobaki. Akipotea huyo, ufugaji wa fundi umekwisha.

Kishungi alipoanza kuvimba manyoya na kung'ang'ania kiota kitupu, fundi hakuwa na yai wala jogoo. Banda nalo lilikuwa bado na ugonjwa. Kuingiza kifaranga mle ni kumchimbia kaburi. Mdogo wake ndiye aliyekuja na shauri. Huyu alikuwa kitinda mimba, anaishi na mama yao mtaa wa pili, na kuku wake walikuwa wamenusurika.

"Dada, mlete Kishungi kwetu. Mayai yangu, kuku wako, vifaranga nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu kweli?"

"Haki ya Mungu. Mimi na wewe tutadhulumiana, dada?"

Fundi akacheka. Akamfunga Kishungi kamba mguuni, si unajua kuku mgeni hakosi kamba, akampeleka jioni hiyo hiyo ili usiku atulie juu ya mayai.

Ikawa akifunga kazi anapitia kwa mama. Anabadilisha maji, anamwaga mtama karibu na kiota, anamulika mayai kwa tochi ya simu. Yaliyokuwa maangavu ndani aliyatoa. Yaliyobaki yalikuwa na mishipa myekundu, na ukitazama kwa subira unaona kitu kinacheza. Mama yao alikuwa akimcheka: "We mtoto, utadhani umeyataga mwenyewe!" Fundi hakujali. Banda lake alishaliosha kwa dawa na kulipiga chokaa upya, na kichwani lilishajaa vifaranga.

Zikaja sare za shule, kazi ikamzidi, akashindwa kwenda siku kadhaa. Ndipo mdogo wake akatokea mlangoni, Kishungi kwapani, machozi yanamtiririka.

"Wametotolewa, dada, wazuri! Lakini mwewe… na paka wa jirani… wote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Fundi alilia. Kisha, kwa vile ndiye mkubwa, akajifuta na kumpa pole mwenzake. Akamkatia na gauni, kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe, ili mtoto wa watu asizidi kujilaumu. Fadhila za punda, lakini hayo alikuwa hajayajua.

Kishungi hakutulia. Akiokota punje hali. Anaiangusha chini, anaita kwo-kwo-kwo, anatazama huku na huku, kisha anaita tena. Fundi alishindwa kumtazama, akawa anafunga dirisha la uani ndipo ashone.

Siku chache baadaye simu ikalia. Mdogo wake tena.

"Mama kifua kimembana. Hataki kula. Anasema labda supu ya kuku wa kienyeji."

"Mchinjie mmoja wa kwako basi."

"Wangu wanataga, dada. Tena anamtaka aliyenona. Mlete tu Kishungi, mzima mzima, nitamchinja mimi. Wewe hutaweza."

Fundi alikaa na ile simu mkononi. Alimwaza Kishungi, akamwaza mama. Kuku hupatikana, akajiambia, mama hauzwi dukani. Akamtia Kishungi kwenye kikapu cha mfuniko, na njia nzima hakumsemesha, maana angemwambia nini?

Alimkuta mama kitandani, blanketi mpaka kidevuni, anakohoa.

"Mungu akubariki, mwanangu. Muweke hapo, uende zako, usichelewe kazini."

Fundi akatua kikapu. Kishungi akaita mle ndani, kwo-kwo-kwo. Uvunguni kukajibiwa, chii, chii. Mama akakohoa kwa nguvu. Lakini Kishungi alishausukuma mfuniko. Akatoka mbawa zikiburuta sakafuni, akazama chini ya kitanda. Na yule mgonjwa wa kifua, lo! Aliruka kitandani kama binti, blanketi huku, yeye kule.

"Mshike, asije akawakanyaga!"

Fundi akachuchumaa. Palikuwa na katoni, matambara, na chupa za maji ya moto zilizokwisha kupoa. Kishungi alikuwa ameshakaa, na vichwa vidogo vinachungulia katika manyoya yake.

"Mwewe wenu anaishi uvunguni?"

Mdogo wake akaja kutoka jikoni, akasimama mlangoni. "Baridi inawamaliza, dada. Wawili wamekufa jana. Tungefanyaje?"

"Usimkaripie mwenzio," mama akadakia, wala hana kikohozi. "Wewe una mkono wa kufuga. Una cherehani, una wateja. Yeye ana nini? Nilijua wewe utapata wengine tu."

"Mama, nimekuletea mbegu yangu uinywe supu. Njia nzima nakuombea."

"Nani angemchinja? Angekaa hapa awalee."

Akasema hivyo kama mtu anayetoa habari njema. Hapo ndipo fundi alipoumia hasa. Vifaranga angesamehe, mdogo wake alimjua tangu utotoni, mkono mrefu. Lakini kifua cha mama! Walijua hatakikatalia, na ndicho walichomtegea.

Akavuta katoni. Akatoa kifaranga mmoja akamtia kikapuni, mwingine akamrudisha katika matambara, mmoja huku, mmoja kule, mpaka wakaisha. Nusu kwa nusu. Kisha akamnyanyua Kishungi, akamweka juu ya wale wa kikapuni, akafunga mfuniko.

"Na hawa wangu?" mdogo wake akapiga kelele. "Dada, watakufa! Watalelewa na nani?"

Fundi alikuwa tayari mlangoni.

"Si mama yako yupo," akasema. "Tena namshukuru Mungu, amepona."