Kupogoa Mibuni Wakati wa Mavuno

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la mapokezi, hospitali moja hapa Mbinga, nikisubiri karatasi za marehemu mke wangu. Mbele yangu alisimama kibarua, mkono wake wa kulia umefungwa khanga iliyolowa damu. Msimamizi wake, kutoka kwenye mtambo wa kumenya kahawa, alikuwa amemshika bega.

"Umeumia wapi, baba?" muuguzi aliuliza.

"Shambani kwake, Mkumbi," msimamizi akajibu. "Alikuwa anapogoa mibuni, panga likamteleza."

Muuguzi, mama wa Kimatengo, aliweka kalamu chini. "Mibuni imejaa matunda mekundu, nyie mnapogoa? Kwetu hata mlevi hungoja mavuno yaishe."

Foleni nzima ilicheka. Msimamizi naye alicheka, ila mkono wake haukutoka begani.

"Nimemuuliza yeye," muuguzi alisema. "Ni mashine, baba? Nikiandika shamba, fidia ya mkono huu huipati."

Kibarua alitazama viatu vya msimamizi. "Andika shamba, mama. Mke wangu yuko zamu sasa hivi, kwenye mashine ileile."

Muuguzi aliandika "shambani, akipogoa mibuni", kisha akapiga mistari miwili chini ya tarehe, polepole, msimamizi akitazama bila kuelewa.

Mtu anayejua kahawa akilifungua jalada hilo, tarehe itamwambia kila kitu. Shaka yangu ni moja tu: wanaofungua majalada, wangapi wamewahi kulima kahawa?